Karakana ya Pampu ya Nyakato Inayouliza Kwanza "Sili Ipi?"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa msimamizi wa mitambo katika kiwanda kidogo cha barafu kilichoko kando ya ziwa, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, ambacho wateja wake wengi ni wafanyabiashara wa sangara na sato wanaopakia mzigo mwaloni Kirumba. Maji ya kupozea mtambo wetu wa baridi tunayavuta ziwani kwa pampu moja ya umeme wa fezi tatu, na pampu hiyo ikisimama kwa saa chache tu, barafu ya kesho yake haipatikani na samaki wa watu wanaanza kuharibika. Ninaeleza haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini ninaandika kwa urefu kuhusu karakana ya pampu, na kwa nini sehemu kubwa ya sifa nitakazoipa inahusu jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa fundi, yaani usahihi wa maneno.

Karakana yenyewe iko Nyakato, katika eneo la viwanda, ukitokea mjini kwa barabara ya kwenda Musoma. Kibao chake kimeandikwa "Matengenezo ya Pampu na Mota" na hakina mbwembwe nyingine. Ndani kuna kaunta, rafu za vipuri, meza mbili za kazi, mashine moja ya kukereza, na nyuma kabisa tangi la maji ambalo pampu hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa kwa mwenyewe.

Nilifika pale nikiwa nimekwisha kununua sili mbili, yaani vipuri vya kuzuia pampu isivuje, katika muda wa miezi miwili, zote kutoka duka jingine la vipuri mjini ambalo sitalitaja. Pale dukani nilisema nilichozoea kusema, kwamba pampu inavuja na ninahitaji sili ya shafti (ule mhimili unaozunguka) ya milimita 25, nami nikapewa kitu kilichoitwa sili. Ya kwanza ilidumu siku tisa. Ya pili ilidumu karibu mwezi mmoja, kisha maji yakaanza kuchuruzika chini ya kaplingi, yaani kiungo cha mota na pampu, yakafika kwenye beringi ya mota, na beringi ikaanza kulia. Muuzaji hakunidanganya. Kasoro ilikuwa kwamba mimi na yeye tulitumia neno moja bila kuhakikisha kwamba tunazungumzia kitu kimoja chenye sifa zilezile.

Katika mazungumzo ya kila siku ya mafundi wetu, neno "sili" hubeba mzigo mkubwa mno. Kuna sili ya mafuta, ambayo ina mdomo wa mpira unaokumbatia shafti na kazi yake ni kuzuia mafuta ya beringi yasitoke na vumbi lisiingie. Kuna oringi, ambayo ni pete ya mpira inayokaa katika mfereji wake. Kuna gasketi, inayobanwa kati ya vipande viwili visivyozunguka. Kuna pakingi, ile kamba iliyosukwa na kulainishwa kwa grisi au grafiti, inayoviringishwa kuzunguka shafti na kukazwa kwa boliti mbili. Na kuna sili ya nyuso mbili, ambayo ndiyo hutumika katika pampu nyingi za maji za siku hizi, na ambayo ndani yake mna vipande vingi vyenye majina yao. Vitu hivi vyote huzuia uvujaji, lakini kila kimoja huuzuia kwa namna yake na hufa kwa namna yake, na mtu anayeviita vyote kwa jina moja hana budi kubahatisha anapofika dukani.

Dada aliyenipokea kaunta hakuniuliza ninataka sili ya bei gani. Alichukua fomu ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiswahili, akaanza kuniuliza kwa utaratibu: pampu inasukuma kitu gani, kina joto kiasi gani, kina mchanga au hakina, maji yanaingia kwa kunyonywa kutoka chini au yanateremka yenyewe kutoka kwenye tangi, mota inazunguka mara ngapi kwa dakika, ukiwa umesimama nyuma ya mota shafti inaelekea kulia au kushoto, na sili iliyotoka iko wapi. Swali la mwisho ndilo lililonishangaza, kwa kuwa sili mbovu nilikuwa nimeiacha kwenye pipa la taka la kiwandani. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hiyo ndiyo inayotueleza kilichotokea, nenda ukaitafute." Nilirudi Ilemela, nikaitafuta, nikaipata pamoja na ile ya kwanza.

Siku ya pili nilimkuta mzee anayeongoza karakana. Baada ya shikamoo na marahaba alizilaza sili zote mbili juu ya kitambaa cheupe, akazifuta, akawasha taa, akaanza kunifafanulia kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kufunguliwa sili na kuelezwa hivyo.

Alianza na vipande vyenyewe. Uso unaozunguka umefungwa pamoja na shafti na husukumwa mbele na springi; uso tuli umekaa ndani ya kifuniko cha pampu na hauendi popote. Nyuso hizi mbili zimesuguliwa kiwandani hadi zikawa bapa kwa kiwango ambacho mabonde na vilima vyake havifiki elfu moja ya milimita, na baina yake hubaki utando mwembamba wa maji yaleyale yanayosukumwa. Utando huo ndio unaozilainisha na kuzipoza. Kwa hiyo, alisema, sili ya namna hii haiwezi kufanya kazi ikiwa kavu hata kidogo, na mtu anayewasha pampu bila kuijaza maji kwanza "ili asikie tu kama mota inazunguka" amekwisha kuiumiza sili kabla hata tone moja halijasukumwa. Nyuma ya uso unaozunguka kuna mfuko wa mpira wenye mikunjo, ambao una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuishika shafti kwa nguvu ili maji yasipite chini yake, na kuuruhusu uso usogee kidogo mbele kadiri unavyolika.

Kisha akachukua koleo la vernia, kile kifaa cha kupimia unene. Shafti yetu, aliyoipima mahali patatu, ilikuwa milimita 25 kamili. Sili ya kwanza ilikuwa ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Tofauti ya sehemu nne za kumi za milimita haionekani kwa macho, na nilikumbuka kwamba fundi wetu alifurahi siku ile kwa sababu sili iliingia kwa urahisi, bila kusukumwa. Urahisi huo ndio uliopaswa kututia shaka. Mpira haukuishika shafti, ukawa unateleza juu yake, ukachimba mkwaruzo mdogo wa mviringo ambao mzee alinipitishia ukucha ili niuhisi. Wauzaji wetu wengi huzichukulia "inchi" na "25" kuwa saizi moja, na ninawasihi wasomaji wenye pampu za zamani zilizotengenezwa kwa vipimo vya inchi waipime shafti wenyewe kabla ya kwenda dukani.

Sili ya pili ilikuwa na kipimo sahihi, na kifo chake kilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa mpira. Mfuko wake ulikuwa umevimba, umekuwa laini na unateleza kama ngozi ya kambare. Mzee aliuliza fundi wetu aliipaka nini wakati wa kuifunga, nami nikajibu kwamba alipaka grisi ya beringi, kama tufanyavyo sikuzote. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba "mpira" nalo ni neno lisilotosha. Mpira wa EPDM, ambao ni mzuri sana kwa maji ya baridi na ya moto, na hata kwa soda inayotumika kuoshea mitambo, huharibiwa na mafuta yote yatokanayo na petroli, na grisi ya kawaida ni mojawapo. Mpira wa naitrili huyavumilia mafuta hayo vizuri, lakini hauwezi joto kubwa kama EPDM. Vitoni nayo huyastahimili mafuta na joto kavu, ila haifai kwa mvuke wala kwa amonia, gesi inayotumika katika mitambo mingi ya baridi, jambo ambalo sisi wa viwanda vya barafu tunapaswa kuliweka akilini. Yote mitatu mara nyingi ni myeusi na haiwezi kutofautishwa kwa macho. Sili yetu ilikuwa ya EPDM. Tulipoipaka grisi tuliilisha sumu, mpira ukavimba, ukang'ang'ania shafti mahali ulipo, springi ikashindwa kuusogeza uso mbele. Kwa EPDM, alisema, tumia maji yenye sabuni kidogo, basi.

Sababu ya pili ilionekana juu ya uso tuli, ambao ulikuwa wa seramiki nyeupe. Ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele zinazotoka katikati kwenda pembeni. Nyufa za namna hiyo, alieleza, hutokea pale seramiki inapopata moto kwa kukosa maji na kisha ikamwagiwa maji baridi ghafla. Ina maana kwamba pampu yetu ilikuwa ikifanya kazi kavu kwa vipindi vifupi na kurudi kwenye maji, mara nyingi, bila sisi kujua. Akaniuliza kama pampu huwa inatoa sauti ya kokoto zinazogongana. Nilikubali, maana sauti hiyo tulikuwa tumeizoea kiasi cha kuiona ndiyo sauti yake.

Kwa muuzaji wa kawaida mazungumzo yangeishia hapo na ningeuziwa sili ya tatu. Mzee alichukua karatasi akanichorea ufukwe, pampu na bomba la kunyonya, na kuniuliza pampu iko juu ya maji kwa mita ngapi. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita kiasi na maji kuingia katika banda letu, tulilihamishia banda juu zaidi, na ziwa liliporudi nyuma, pampu ikabaki kule juu. Kutoka usawa wa maji hadi katikati ya pampu palikuwa na mita 5. Sikuona tatizo, kwa sababu nilifundishwa zamani kwamba hewa inaweza kuyasukuma maji hadi mita 10 ndani ya bomba la kunyonya.

Hesabu aliyonifanyia ningependa kila mwenye pampu kandokando ya ziwa aifahamu. Zile mita 10, au kwa usahihi 10.3, ni za usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hapa Mwanza nguvu ya hewa inatosha kuinua maji kama mita 9 tu. Katika hizo ondoa sehemu tatu za kumi za mita kwa ajili ya mvuke wa maji yenyewe. Ondoa mita 3 ambazo pampu yetu, kwa mujibu wa karatasi yake ya kiwandani, inazihitaji mdomoni ili maji yasichemke ndani ya impela, yaani gurudumu la pampu linalosukuma maji. Ondoa mita moja inayopotea kwa msuguano katika bomba, viungo na futi valvu (ile ya mwisho wa bomba inayozuia maji yasirudi), na nusu mita ya tahadhari. Zinabaki mita 4.2. Sisi tulikuwa tunanyonya kwa mita 5. Pampu hiyohiyo, ikiwa na bomba lilelile, ingefanya kazi kwa usalama Tanga au Dar es Salaam, ambako zingebaki mita 5.5, lakini kwetu ilikuwa inavunja maji kuwa mapovu ya mvuke, mapovu yanapasuka ndani ya impela kwa sauti ya kokoto, shafti inatetemeka, nyuso za sili zinaachana na kukutana tena. Na siku ambazo magugu maji yanasogea na kuziba chujio, msuguano unaongezeka na hali inakuwa mbaya zaidi. Mafundi wengi huita jambo hili "pampu kuvuta hewa". Si hewa, na tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu anayedhani ni hewa atahangaika kukaza viungo vya bomba mwezi mzima, ilhali dawa ni kuishusha pampu, kupanua bomba la kunyonya au kulisafisha chujio. Fomu ya karakana ina kisanduku cha kila kimoja: "hewa imeingia" na "mapovu ya mvuke".

Tulikubaliana mambo mawili. Sisi tungeishusha pampu kwa mita moja na nusu juu ya jukwaa la zege, na wao wangeirekebisha pampu yenyewe. Waliikereza sehemu ya shafti iliyokwaruzwa na kuivisha bushi ya chuma cha pua, wakabadilisha beringi zote mbili, wakapima kama shafti imenyooka kwa saa ya kupimia, kifaa chenye mshale kama saa, ambacho kilionyesha shafti inayumba kwa kiasi kisichozidi sehemu tano za mia za milimita, kisha wakafunga sili mpya. Safari hii uso mmoja ulikuwa wa kaboni na mwingine wa silikoni kabaidi badala ya seramiki, kwa kuwa silikoni kabaidi husafirisha joto vizuri na haipasuki kirahisi. Nilitaka nyuso zote mbili ziwe za silikoni kabaidi kwa sababu ya mchanga, lakini mzee alinishauri nisubiri: nyuso ngumu mbili hustahimili mchanga kuliko kaboni, ila zikikauka zinaumia upesi zaidi, na pampu yetu ilikuwa bado haijathibitisha kwamba haikauki. Ushauri huo ulimpunguzia mauzo, nami ninauheshimu.

Siku ya kuichukua walinijaribishia pampu ndani ya tangi lao kwa nusu saa, wakapaka mshale mwekundu kuonyesha upande wa kuzunguka, na kunikumbusha kwamba waya mbili za fezi zikibadilishana, pampu itazunguka kinyume na bado itatoa maji kidogo, kiasi cha kumdanganya mtu. Nilipewa risiti halali, dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa, na mfuko wa plastiki wenye sili zangu mbili za zamani pamoja na karatasi inayoeleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kila moja ilikufaje. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani katika banda la pampu. Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo, chini ya kaplingi ni pakavu, na ile sauti ya kokoto haipo.

Kuhusu bei, si rahisi. Sili peke yake ilinigharimu shilingi 95,000, zaidi ya mara mbili ya niliyoilipa mjini, na kazi yote kwa jumla ilizidi kidogo shilingi 300,000. Atakayelinganisha bei ya kipuri kwa kipuri ataiona karakana hii kuwa ghali. Mimi nililinganisha na sili mbili zilizokufa, beringi ya mota, na siku nne za kiwanda kusimama. Kasoro ninazoziona ni kwamba akiba yao ya saizi za inchi ni ndogo na unaweza kusubiri wiki mbili, kwamba mzee ndiye pekee anayezisoma nyuso kwa undani ule, hivyo asipokuwepo unapata fomu bila maelezo, na kwamba kazi ya siku mbili kwao mara nyingi huwa ya siku nne. Mwenye dharura ya usiku asiitegemee.

Nina hoja nyingine ambayo nilimweleza mzee mwenyewe, naye hakuichukia. Fomu yao inaiita sili ya nyuso mbili "sili ya mitambo". Jina hilo halimwambii mteja chochote, kwa kuwa kila sili iliyoko karakana pale ni ya mtambo fulani. Mtu mwenye sili ya mafuta mkononi ataweka alama kwenye kisanduku hicho bila kusita, kwani naye ameitoa kwenye mtambo. "Sili ya nyuso" humwonyesha mtu mahali pa kutazama, na akishaitazama atauliza nyuso hizo ni za nini. Kinyume chake, mahali walipoandika "pakingi" wamefanya vyema kubaki na neno la mafundi, na wameongeza sentensi moja ambayo natamani ingebandikwa katika kila banda la pampu mkoani: "Pakingi nzima hudondosha matone, usiikaze mpaka ikauke." Nimeona shafti ngapi zilizochimbwa mifereji na watu waliodhani tone ni ugonjwa, wakaikaza kamba mpaka ikatoa moshi! Tone la pakingi ndilo linaloipoza shafti, ilhali sili ya nyuso ikidondosha mfululizo ni dalili ya hitilafu. Tone ni lilelile kwa macho, lakini huwezi kulitafsiri kabla hujajua limetoka kwenye kitu kinachoitwaje.

Mwezi uliopita nilimpeleka pale jirani yetu anayemwagilia mboga upande wa Kayenze, akiwa na pampu ya dizeli inayovuja. Nilimwambia abebe vitu vitatu: sili iliyotoka hata kama imevunjika vipande, picha ya kibati cha pampu, na urefu wa kutoka kwenye maji hadi pampu uliopimwa kwa futi kamba. Dada wa kaunta alitoa fomu mpya, na nilipoisoma nikakuta "sili ya mitambo" imekatwa kwa kalamu, na juu yake kwa mwandiko wa mzee pameandikwa "sili ya nyuso (kaboni? seramiki? kabaidi?)". Jirani yangu aliisoma mara mbili, akaitoa sili yake mfukoni, akaigeuza kwenye mwanga na kuanza kuutafuta uso.